Aonaye Mapema Hupisha

Kitabu cha Mithali kina neno moja lililorudiwa mara mbili, karibu bila tofauti yoyote: sura ya 22 aya ya 3, na tena sura ya 27 aya ya 12. Watu wawili wanapita njia moja, na mbele yao kuna shari. Mwerevu anaiona, anajitenga nayo. Mjinga anaendelea na safari yake, anaumia. Zisome aya hizo polepole uone ambacho hakikusemwa. Hatuambiwi kwamba mwerevu alikuwa na nguvu, wala kwamba aliomba kwa sauti kubwa kuliko mwenzake, wala kwamba shari ilimwogopa. Aliona, akapisha. Basi.

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayeishi Tudor, Mombasa: wa nyumba za zamani za manispaa na wa ghorofa mpya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi na mama anayekaanga viazi kule Moroto karibu na maji. Jirani yako Mwislamu akitaka kuusoma, mpe. Mengi yaliyomo atayatambua.

Kukimbia si kukosa imani

Tuanze hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Pwani tuna usemi kwamba ajali haina kinga, nasi tumeukuza mpaka tukaupa mamlaka ya Maandiko. Muumini akiambiwa asikatize uchochoro fulani usiku, hujibu kwamba siku yake ikifika imefika, na wanaomsikia huitikia amina.

Biblia yenyewe haiongei hivyo. Yusufu alipoonywa ndotoni kuhusu Herode, aliamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake akaelekea Misri, hakungoja kupambazuke. Mamajusi walirudi kwao kwa njia nyingine. Paulo aliteremshwa ndani ya kapu kupitia ukuta wa Dameski. Yesu mwenyewe kuna wakati hakutaka kutembea Uyahudi kwa kuwa walikuwa wakimtafuta wamuue, kama Yohana anavyoeleza mwanzoni mwa sura ya 7. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekemewa kwa kukosa imani.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Daudi kule Keila, katika 1 Samweli 23. Alikuwa ameuokoa mji ule kutoka kwa Wafilisti. Kisha akasikia kwamba Sauli anamjia, akamwuliza Mungu: watu hawa niliowaokoa, watanitoa? Akajibiwa kwamba ndiyo, watamtoa. Daudi hakuanza kuwalaumu kwa kukosa shukrani, na hakubaki ili aone kama kweli. Aliondoka na watu wake kama mia sita. Sauli aliposikia, akaacha kwenda. Kwa hiyo jambo lililotabiriwa halikutokea, na halikutokea kwa sababu aliyeambiwa aliondoka. Kumbe onyo la Mungu si hukumu. Ni taarifa, na taarifa hutumiwa.

Je, hakuna wakati wa kubaki, au hata wa kuingia hatarini kwa makusudi? Upo. Esta aliingia kwa mfalme bila kuitwa. Paulo alipanda kwenda Yerusalemu ingawa alionywa njia nzima. Lakini hawa walikwenda macho wazi, kwa ajili ya wengine, na gharama waliikubali wenyewe. Kanisa Kuu la Kianglikana lililoko Barabara ya Nkrumah, hapo mjini, ni ukumbusho wa Askofu James Hannington. Aliondoka pwani mwaka 1885 akachagua njia ya Umasaini ili aingie Buganda kutoka mashariki, upande wa Busoga, wakati ambao baraza la Kabaka Mwanga liliuogopa mno upande huo, na habari za Wajerumani kunyakua ardhi zilikuwa zimeshaenea. Aliuawa mwezi Oktoba mwaka huo huo, pamoja na wengi wa wapagazi aliofuatana nao. Naheshimu kifo chake. Lakini kila nikipita pale huwafikiria pia wale wapagazi, ambao njia hawakuichagua wao. Ukiamua kuingia hatarini kwa ajili ya Injili au kwa ajili ya biashara, hesabu kwanza ni nani mwingine umembeba.

Hatari ina mdomo

Tukisikia neno hatari tunawaza simba, moto, panga. Mithali inaanza kwingine kabisa. Onyo la kwanza katika kitabu kile, sura ya 1 kuanzia aya ya 10, ni la baba anayemweleza mwanawe jinsi kundi la wahalifu litakavyozungumza naye. Yatazame maneno yao yanavyopangwa: kwanza wanampa urafiki, njoo twende pamoja. Kisha wanamwahidi mali ya haraka. Mwisho wanamwambia kwamba mfuko utakuwa mmoja, kila mtu atapata. Kijana ambaye nyumbani hana mfuko wowote atasikia jambo la mwisho kuliko yote.

Vijana wa panga waliotajwa sana Kisauni na Likoni, wengine wakiwa bado wa umri wa shule, hawakuvutwa kwa panga. Walivutwa kwa simu, kwa viatu, kwa kaka mkubwa wa mtaa anayelipia chai na kujua jina lako. Wewe mzazi usingoje kuona silaha. Angalia simu mpya ambayo hakuna aliyeinunua. Angalia jina jipya ambalo wenzake wanamwitia dirishani. Muulize, bila kufoka, nani amelipa. Akijibu kwamba ni rafiki tu, taka kumjua rafiki huyo, umkaribishe nyumbani ale. Rafiki mwema atakuja. Na baba wa Mithali, tukumbuke, aliyasema haya kabla mwaliko haujafika. Mtoto aliyeshasimuliwa maneno ya kundi atayatambua atakapoyasikia. Ambaye hakusimuliwa atadhani ameitwa yeye peke yake duniani.

Nehemia naye alialikwa. Alikuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, na Sanbalati na Geshemu wakamtumia ujumbe wakutane naye katika bonde la Ono. Walimtumia mara nne, naye akajibu mara nne jibu lile lile: nina kazi, siwezi kushuka. Mara ya tano ikaja barua iliyo wazi, imejaa uvumi kumhusu, ili apate hofu. Aliposhinda hofu hiyo akaenda nyumbani kwa nabii, Shemaya, aliyemshauri ajifiche ndani ya hekalu kwa sababu watakuja usiku kumwua. Hapo ndipo Nehemia alipotambua kwamba nabii amelipwa.

Kwa hiyo mtu anayekuambia uogope pia achunguzwe. Mara nyingi mtego wa pili umewekwa mahali unapokimbilia. Dada anayepigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa benki, akaambiwa akaunti yake inaibiwa sasa hivi na atoe namba ya siri ili iokolewe, yuko mbele ya Shemaya.

Mkate wenye ukungu

Sura ya 9 ya Yoshua ingefaa kubandikwa kwenye kila kibanda cha M-Pesa. Wagibeoni waliishi karibu, lakini walitaka agano la wageni kutoka mbali. Walileta ushahidi: viatu vilivyochakaa, viriba vilivyopasuka, mkate mkavu wenye ukungu. Wazee wa Israeli waliushika mkate, wakauangalia, wakaridhika, na Biblia inaongeza kwamba hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu wakajua kwamba walikuwa majirani.

Kilichowaponza si kukosa ushahidi. Ushahidi walikuwa nao mkononi, na aliyeuleta ndiye aliyeutengeneza. Siku tatu tu zingetosha.

Ujumbe wa simu unaosema umetumiwa pesa kimakosa ni mkate wa namna hiyo. Usiuangalie huo ujumbe hata kidogo. Angalia salio lako mwenyewe. Ikiwa pesa kweli zimeingia kimakosa, aliyezituma anajua pa kwenda: atapeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 na kampuni ya simu itashughulika. Wewe usirudishe chochote kwa namba uliyopewa na mtu anayelia simuni. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa 333, ufute, uendelee kukaanga viazi vyako.

Wakala wa kazi za Ghuba ana mkate mwingi zaidi: picha za jumba, sare nyeupe, video ya msichana anayecheka jikoni. Wako wasichana waliokwenda Saudia wakajenga nyumba kwao, na mimi si katika wanaowatisha watu wasisafiri. Ninachosema ni kwamba picha zake ziweke kando, utafute jambo ambalo yeye hawezi kulitengeneza. Wakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina la kampuni yake liulizie kule, siyo kwake. Mkataba uwe mkononi mwako, kwa lugha unayoisoma, kabla ya tiketi. Ukiambiwa kwamba utaingia kwa viza ya utalii kisha karatasi za kazi zitafuata, umeshaambiwa yote. Na kama kila swali lako linajibiwa kwamba nafasi ni mbili na ndege ni kesho, waache waende nayo. Ukisafiri, nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma na asiyeogopa ofisi.

Mchungaji anapokuwa hatari

Mbwa mwitu wa Mathayo 7 hakuja na meno nje. Alipomjaribu Yesu, Shetani hakumletea maneno ya Shetani. Alimsimamisha juu ya mnara wa hekalu akamsomea Zaburi ya 91, ile tunayoitundika sebuleni, akimtaka aruke. Yesu hakubishana kama Zaburi ni ya kweli. Alikataa kuruka.

Shakahola ni safari ya saa chache tu kutoka Tudor. Mwezi Aprili 2023 polisi waliingia msitu ule, katika kaunti ya Kilifi, wakakuta waumini waliokuwa wakijinyima chakula mpaka kufa kwa kuamini kwamba watakutana na Yesu. Miili iliyofukuliwa ikapita 400. Wengi walikufa kwa njaa. Wengine, wakiwamo watoto, uchunguzi ulionyesha dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Paul Nthenge Mackenzie, aliyeanzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003, alishtakiwa pamoja na wenzake mwanzoni mwa 2024 kwa makosa ya ugaidi, ya kuua bila kukusudia na ya mauaji, wakayakana. Hiyo ni kazi ya mahakama. Kazi yangu hapa ni kuuliza mtu wa kawaida, aliyeketi kwenye benchi la kanisa, angeweza kuona nini, na mapema kiasi gani.

Angeona mengi. Mwaka 2017 mahubiri yale yalikuwa yameshafika kituo cha polisi kwa sababu watoto walikuwa wakitolewa shuleni. Likafuata fundisho kwamba hospitali si ya muumini, kisha vita dhidi ya namba za usajili za serikali. Mwaka 2019 kanisa la mjini likafungwa, na watu wakaanza kuuza vitu vyao wakahamia msituni. Kufunga mpaka kufa kulikuja mwisho. Tazama mpangilio: kila hatua ilimwondolea muumini mtu mmoja au mahali pamoja ambapo angeweza kuomba msaada. Mwalimu ambaye angegundua mtoto amekonda hayupo. Daktari hayupo. Shangazi wa Tudor ambaye angepiga kelele ameshaitwa wa dunia. Njaa ilipoanza hakukuwa na mlango uliobaki.

Basi usijifunze kuitambua Shakahola kwa njaa. Ukingoja njaa umechelewa. Itambue kwa milango inayofungwa.

Nimesikia watu wakisema kwamba wale walikuwa wajinga wasiosoma. Si kweli, na ni uongo unaotulaza. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye elimu na kazi nzuri. Na mwaka 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, eneo lile lile la Chakama, baada ya nchi nzima kuwa imeshaona na kulia.

Maandiko yametuachia njia za kupima. Waberoya, katika Matendo 17, walimpima Paulo mwenyewe, wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli, nao wakasifiwa kwa hilo. Mchungaji anayekasirika ukifungua aya ya juu na ya chini ya ile aliyoisoma, anadai heshima ambayo Paulo hakuidai. Kuhusu kufunga, Isaya 58 inasema saumu impendezayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Na Eliya, katika 1 Wafalme 19, alipokimbilia jangwani akaketi chini ya mti akaomba afe, Mungu hakumpongeza. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akaamshwa ale. Akalala tena, akaamshwa tena, ale. Hilo ndilo jibu la Mungu kwa mtu aliyetaka kufa jangwani: chakula, mara mbili. Tiba nayo haikukatazwa. Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la Hezekia, na rafiki wa Paulo, Luka, alikuwa tabibu.

Sasa liulize kanisa lako la Tudor, hata kama unalipenda. Yuko mtu anayeweza kumwondoa mchungaji wako madarakani, naye mchungaji anajua hivyo? Hesabu za sadaka husomwa mbele ya watu? Waliohama kanisa bado wanasalimiwa wakikutana nanyi sokoni Kongowea? Hili la mwisho mimi hulipima kabla ya mengine, kwa sababu halihitaji karatasi. Palipo na Roho, mlango wa kutokea haufungwi kwa laana. Na ukisikia, hata mara moja tu na kwa utani, kwamba dawa za sukari au za presha ziachwe kwa imani, ondoka na dawa zako.

Ndugu yako akiwa ameshazama, usimkatie simu. Kumkatia ndiko kunakotakiwa na aliyemteka. Mpigie kwa mambo madogo, msimulie mtoto aliyezaliwa, mwulize alivyopika. Mtembelee bila kuleta mabishano. Lakini kukiwa na mtoto mwenye njaa au aliyetolewa shule, uvumilivu una mwisho: piga 116, namba ya watoto, haina malipo, nenda kwa chifu na kwa polisi, na usitoke kituoni bila namba ya OB.

Ukuta wa darini

Sheria ya Musa ina kifungu ambacho wahubiri hukiruka: Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, jenga ukuta kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyumba za kule zilikuwa na paa bapa, kama nyingi za hapa.

Panda ghorofa yoyote ya Tudor saa kumi na moja jioni. Kuna kamba za nguo, matangi meusi ya maji, madishi ya televisheni, na watoto wanaorusha tiara huku wakirudi kinyumenyume, macho mbinguni. Ukingoni mara nyingi kuna tofali mbili tu, na vyuma vya nguzo vimeachwa vikichomoza kwa ajili ya ghorofa ya mwaka kesho. Mwenye nyumba atakuambia watoto hawaruhusiwi kupanda. Torati haikusema uwakataze watu kupanda. Ilisema ujenge ukuta. Kama wewe ni mpangaji, andikeni barua pamoja, wapangaji wote, mpeane nakala. Kutoka 21:29 inasema mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba ng'ombe wake hupiga pembe, kisha asimfunge, ana hatia kubwa kuliko ambaye hakuonywa. Barua yenu ndiyo onyo hilo.

Kuhusu hori la Tudor nitasema machache, maana wavuvi wanajua kunishinda. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakitoka hutoka kwa nguvu, na anayejua kuogelea kwenye maji mafu hajui chochote. Mtoto asiogelee maji yakipwa, wala peke yake.

Ila kuna swali moja la safari za majini, nimelipata katika Matendo 27. Paulo aliwaambia msimu umepita, chombo kisiondoke Bandari Nzuri kule Krete. Akida aliyekuwa na amri aliwasikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo, na kwa kawaida angekuwa sahihi: hao ndio mafundi. Lakini walikuwa na shehena ya ngano na hamu ya kufika. Ukaanza kuvuma upepo mwanana wa kusini, wakaona mambo yamenyooka. Siku nyingi baadaye watu 276 walikuwa wakijitupa majini kando ya Malta, na kama wote walipona, chombo na ngano vilikwenda. Kwa hiyo, mbali na kumwuliza mjuzi, uliza pia anapata nini tukiondoka. Utingo anayesema bado mmoja tu anapata. Feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994, ikiua watu 272, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi asubuhi ambayo kila mmoja alikuwa na haraka ya kufika kazini. Feri ikijaa, ngoja nyingine. Ukivuka na gari Likoni, vuta breki ya mkono, fungua mkanda, teremsha vioo.

Kupiga kengele

Ukivuka Daraja la Nyali utafika Kengeleni, na mnara wa kengele uliolipa eneo hilo jina bado upo. Hapo ndipo Frere Town ilipoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ile ilipigwa kuwaonya kwamba wanaowawinda wanakuja. Ezekieli 33 inamhusu mlinzi wa namna hiyo: akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Akipiga na watu wakapuuza, yeye amejiokoa.

Tudor ya leo hupigia kengele kwenye kundi la WhatsApp la jengo, na shida yake ni kinyume: inalia usiku kucha. Kutoka 23:1 inakataza kueneza habari ya uongo, na hapa mjini uongo wa neno moja, mwizi, umewahi kuwamaliza watu wasio na hatia. Kabla hujatuma, andika uliloliona kwa macho yako, mahali, saa, na unachotaka watu wafanye. Kama huna la kuandika kwenye sehemu ya kwanza, usitume. Sauti iliyopelekwa mara nyingi isiyo na tarehe, iache ifie kwako.

Kanisani kengele ziwe kimya lakini ziwepo. Baada ya watu wenye bunduki kushambulia kanisa la Likoni tarehe 23 Machi 2014, makanisa mengi ya Mombasa yaliweka walinzi na kukagua mikoba. Miaka imepita na mahali pengine mlinzi sasa ni mzee anayesinzia na chombo cha kukagulia kisicho na betri. Nehemia 4:9 imeyaweka mawili katika sentensi moja, kuomba na kuweka ulinzi. Mlango wa pili wa kanisa lako usifungwe kwa kufuli wakati wa ibada. Uje moto au aje mtu mbaya, faida ni ile ile.

Na sikilizeni watoto. Katika Matendo 23 watu zaidi ya arobaini waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Aliyesikia njama ni mtoto wa dada yake. Paulo hakumwambia nenda kacheze. Aliagiza apelekwe kwa jemadari, na jemadari akamshika mkono, akamvuta kando, akamwuliza faraghani ana habari gani. Usiku huo, saa tatu, askari 470 walimwondoa Paulo mjini. Mtoto wako akisema hataki kwenda tena kwa yule mjomba, au madrasa, au Sunday school, au kwa yule anayemfundisha hesabu, fanya alivyofanya jemadari: mshike mkono, mtoe mbele za watu, uliza, nyamaza. Usimpeleke tena mpaka umejua.

Ukishanaswa

Mithali 6 ina ushauri kwa aliyechelewa, aliyekwisha kumdhamini mwenzake mkopo. Haimfariji. Inamwambia asilale usingizi, aende kwa mtu yule leo, anyenyekee, amsumbue, ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji.

Pengine umemwekea sahihi mwenzako wa ofisini katika Sacco, sasa amehama na hapokei simu. Usikae ukisema Mungu ataona. Nenda kwanza nyumbani kwake, siyo kwa simu, ukiwa na mtu mmoja mzima mnayemheshimu nyote wawili. Mwombe akuonyeshe anavyolipa, hata ikiwa ni kidogo kidogo. Kisha nenda Sacco kabla hawajakuita. Kwa kawaida hawatakutoa kwenye udhamini hivi hivi, ila watakubali mdhamini mwingine achukue nafasi yako, na mwenye deni ndiye wa kumtafuta, akikataa mtafute wewe. Taka taarifa ya salio la mkopo kwa maandishi. Waandikie kwamba kuanzia leo huongezi dhamana kwa nyongeza yoyote ya mkopo huo, wagonge muhuri kwenye nakala yako, na ukitoka hapo pita kwa wadhamini wenzako uwaonyeshe, maana huenda wao bado hawajui.